Swala Wakizidi Shambani: Je, Tuwawinde?



Swali hili tumeulizwa katika semina nyingi, na karibu kila mara linatoka kwa mtu aliyechoka. Kina mama wa kikundi wamepanda ekari moja ya maharagwe na mbaazi, mvua kwa bahati imenyesha vizuri, halafu usiku mmoja tu swala wanaingia, pundamilia wako nyuma yao, na asubuhi shambani yamebaki mashina. Ndipo mzee anasimama na kuuliza: "Huko ng'ambo wanyama wakizidi watu wanaruhusiwa kuwawinda. Mbona sisi tukiua mmoja tunafungwa?"

Sisi tunaandika kutoka Kileleshwa, Nairobi, ambako wanyama wa porini wanaotusumbua ni kima na tumbili wa pale Arboretamu, wanaoruka ukuta na kuchukua ndizi mezani. Kwa hivyo hatusemi kwamba tunajua uchungu wa kukesha shambani na tochi na debe. Lakini swali la mzee lina jibu, na jibu lake ni refu kuliko "ndiyo" au "hapana". Someni somo hili pamoja kwenye kikundi, pole pole. Mtahitaji maharagwe mia moja na thelathini, na bakuli.

Huko ng'ambo wanafanyaje?

Mnyama anayezungumzwa sana huko Marekani na Ulaya ni yule mwenye pembe zilizogawanyika kama matawi ya mti. Vitabu vingine vya Kiswahili humwita kulungu, lakini si kulungu wetu wa msituni. Pembe za huyo wa kwao huanguka kila mwaka na kuota tena, na za swala wetu haziangukia kamwe. Hapa kwetu hayuko. Anayemkaribia kwa maisha yake ni swala pala, yule mwekundu anayeruka juu sana akishtuka.

Karibu na mwaka 1900 Wamarekani walikuwa wamewinda wanyama hao mpaka inakadiriwa walibaki nusu milioni hivi katika nchi nzima. Leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Wanakula mazao, wanagongwa na magari, na simba wa milimani na mbwa mwitu ambao zamani walikuwa wakiwapunguza wameondolewa sehemu nyingi. Kwa hiyo huko uwindaji ni kazi ya kupunguza.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi wanavyofanya, maana ndipo penye somo. Mnyama si wa mwenye shamba. Ni mali ya umma, na serikali ya jimbo ndiyo mlinzi wake. Hata akisimama katikati ya mahindi yako, huwezi kumpiga bila leseni na nje ya msimu. Mwenye shamba ana haki ya kukubali au kukataa wawindaji waingie kwake. Kwenye ardhi ya umma, wawindaji huingia kwa kanuni zilizowekwa. Kila mwaka wataalamu hukadiria idadi, halafu wanaamua wangapi watolewe, wapi, na kama ni dume au jike. Sehemu nyingi mwindaji lazima atoe ripoti ya mnyama aliyemuua. Na jambo ambalo huwashangaza watu wetu: nyama hiyo ya porini hairuhusiwi kuuzwa. Unakula na familia yako au unagawia jirani. Walikataza biashara kwa sababu ni biashara iliyokuwa imewamaliza wanyama hapo zamani.

Tena tangu mwaka 1937 kuna sheria huko inayotoza ushuru kwenye bunduki na risasi, na pesa hizo hurudi kwenye utunzaji wa wanyama. Yaani mwindaji mwenyewe ndiye analipia kuhesabu na kulinda. Unaona basi, si ati watu wanatoka tu na bunduki.

Somo la maharagwe

Wekeni maharagwe mia moja mezani. Hao ni swala wenu. Tuseme sitini ni majike na arobaini ni madume, wakubwa kwa wadogo. (Hizi ni hesabu za mfano tu, za kufundishia.) Swala pala jike hubeba mimba miezi sita na nusu hivi na huzaa mtoto mmoja. Tuseme mwaka huu watoto thelathini wamepona na kukua. Ongezeni maharagwe thelathini. Halafu chui, fisi, ugonjwa na uzee vimechukua ishirini. Ondoeni ishirini. Mmebaki na mia moja na kumi. Hapo mnaweza kuvuna kumi na mwakani mtaanza tena na mia. Ni kama riba ya chama: ukila riba peke yake, mtaji unabaki.

Sasa rudisheni mia na mcheze tena. Safari hii aliyehesabu alikosea. Kundi lilivuka barabara, akalihesabu pande zote mbili, akaandika mia na hamsini. Kwa kipimo kile kile anaruhusu kuvuna kumi na tano. Mwisho wa mwaka mnabaki na tisini na watano. Si vibaya sana, mtasema. Lakini ng'ambo ya ua yuko jirani, na swala hawajui mpaka. Leo wako kwako, kesho kwake. Yeye naye amepewa ruhusa ya kumi na tano kwa kundi lile lile. Ondoeni tena kumi na tano. Mmebaki themanini, na miongoni mwao mama wamepungua, kwa hivyo mwakani watoto ni wachache kuliko thelathini.

Mara ya tatu, leteni ukame. Msiongeze thelathini, ongezeni kumi tu, na badala ya ishirini ondoeni arobaini. Kabla hata ya mwindaji kufika mmebaki sabini. Ukame si hadithi. Ripoti ya serikali ya Novemba 2022 ilisema kwamba kati ya Februari na Oktoba mwaka huo ukame uliua nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381 na ndovu 205, na hao ni wale walioonekana tu. Ruhusa iliyoandikwa wakati wa mvua ikitumiwa wakati wa kiangazi, inakula mtaji.

Kuna jambo moja zaidi kabla hamjarudisha maharagwe kwenye sufuria. Chukueni lile kundi la mia na muondoe madume kumi. Je, watoto wa mwakani watapungua? Hawatapungua. Dume mmoja hupanda majike wengi, na majike wote sitini bado wapo. Anayetaka kweli kupunguza kundi lazima atoe majike. Anayetaka pembe nzuri za kuweka ukutani hutaka dume. Kwa hivyo mtu akija kijijini na kuwaambia kwamba wageni wake watawapunguzia wanyama kwa kupiga madume wenye pembe kubwa, mwambieni akae chini kwanza mcheze naye maharagwe. Huenda analeta pesa, na pesa si kitu kibaya, lakini kupunguza hapunguzi.

Kenya ilijaribu

Vijana wengi hawajui kwamba Kenya nayo ilikuwa nchi ya uwindaji wa leseni. Mwezi wa Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote, na mwaka 1978 ikafunga maduka ya ngozi, pembe na vikumbusho vingine vya wanyama. Sababu kubwa ilikuwa ujangili uliokuwa ukijificha nyuma ya leseni.

Hata hivyo mlango haukufungwa wote. Karibu na Athi River, ranchi ya David Hopcraft iliruhusiwa kuvuna swala na wanyama wengine ndani ya ua wake na kuuza nyama Nairobi, kwa uangalizi na ukaguzi wa daktari wa mifugo. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilianza majaribio ya kuvuna katika ranchi za Laikipia, Machakos na kwingineko. Wanyama walihesabiwa, mwenye ranchi akapewa idadi yake ya mwaka, akavuna. Wenye ardhi wakajiunga pamoja, kama ile Laikipia Wildlife Forum iliyoundwa mwaka 1992. Waliokuwa Nairobi siku hizo watakumbuka nyama ya pundamilia na kongoni ikichomwa kwenye mkahawa mashuhuri njia ya Lang'ata.

Mwaka 2003 KWS ilisimamisha majaribio hayo. Kwa nini? Tuseme wazi, maana hapa ndipo vikundi vyetu vinapaswa kufungua macho. Kwanza, uangalizi ulikuwa dhaifu. Kuhesabu wanyama kunataka ndege, mafuta, watu na miaka, na kufuatilia kila mzoga mpaka kwenye bucha kunataka watu waaminifu. Nyama yenye ruhusa ikiwa sokoni, nyama ya wizi hujificha ndani yake, kwa sababu kilo moja ya nyama haina jina. Pili, faida ilikuwa ndogo. Kwa pundamilia, pesa ilikuwa kwenye ngozi zaidi kuliko kwenye nyama. Na tatu, jambo linalotuuma sisi wafanyakazi wa jamii, mpango kama huu humfaa mwenye maelfu ya ekari. Familia yenye ekari tano, ambayo swala wanapita na kula, haiwezi kupewa idadi yake. Ilipata hasara bila kupata ngozi wala nyama.

Mwaka uliofuata, mbunge wa Laikipia Magharibi, G. G. Kariuki, alipeleka mswada wa kubadilisha sheria ya wanyamapori. Bunge liliupitisha Desemba 2004, lakini Rais Kibaki hakuutia sahihi. Waliouunga mkono walisema asiyepata faida kutoka kwa mnyama hatamvumilia. Waliopinga walisema uwindaji ukifunguliwa hautaweza kudhibitiwa. Sisi tunaonelea wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Majirani zetu

Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978. Huko wageni huwinda kwa kulipia katika vitalu, vijiji vingine vimeungana kuanzisha maeneo ya jamii ya hifadhi yanayopata sehemu ya mapato, na tangu kanuni za mwaka 2020 mabucha ya nyamapori yanaweza kupewa leseni. Uganda ilianza majaribio mwaka 2001 kwenye ardhi ya wafugaji nje ya Mbuga ya Ziwa Mburo, ambako swala pala ni wengi, na sehemu ya ada ikapewa jamii.

Watu wetu wakisikia hayo husema, "Basi twende kama wao." Lakini kila mahali malalamiko hufanana: pesa zimefika kwenye akaunti ya kamati, zimejenga darasa au zahanati, ni vyema, lakini yule mama aliyeliwa mbaazi hakuona shilingi. Darasa ni la wote. Hasara ni ya mtu mmoja. Nyinyi mnaoendesha vyama vya akiba mnaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Je, kwetu wamezidi kweli?

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo halitapendeza kila mtu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliotumia hesabu za ndege za serikali tangu 1977, ulionyesha kwamba wanyamapori katika maeneo ya malisho ya Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Swala pala, pofu, kongoni na swala tomi walikuwa kati ya waliopungua zaidi. Kwa hivyo marufuku peke yake haikuwaokoa. Lakini pia hatuwezi kusema wamezidi kama wale wa Marekani.

Mbona basi wanaonekana wengi kwenye shamba? Kwa sababu wamebanwa. Njia zao zimekatwa kwa ua, barabara na ploti za hamsini kwa mia. Angalia Kitengela. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ni kilomita za mraba 117 tu. Wanyama walikuwa wakitoka kusini kwenda uwanda wa Athi na Kapiti na kurudi. Leo wanapita kwenye vichochoro kati ya nyumba za mawe. Kundi dogo likisukumwa kwenye shamba moja, mwenye shamba ataona ni jeshi.

Ndiyo maana mpango ulioanzishwa Kitengela mwaka 2000 ulikuwa na akili. Familia za wafugaji zililipwa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushe ua na zisiuze ardhi, na malipo yalipangwa kuja wakati wa kulipa karo. Pesa hizo hazikupita kwa kamati. Ziliingia kwenye mkono wa mwenye ardhi, mara nyingi mama akiwepo. Mipango kama hiyo hutegemea wafadhili, na mfadhili akichoka shida inarudi. Lakini fikra yake ni sawa: anayebeba mzigo ndiye analipwa.

Sheria ya leo na daftari la kikundi

Sheria iliyopo ni ile ya 2013, iliyoanza kazi Januari 2014. Uwindaji bado ni marufuku. Ilipotungwa, iliweka kwa anayewinda kwa ajili ya chakula chake faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Kwa biashara ya nyamapori, au hata kupatikana na nyama hiyo, ilikuwa shilingi 200,000 au mwaka mmoja na zaidi. Vijana wanaotega tanzi za waya wafahamishwe. Mtoto wa mtu anafungwa kwa nyama ambayo bucha ingemuuzia kwa mia chache. Na waya hauchagui: unashika ng'ombe wa jirani, unashika mama swala mwenye mimba.

Ukikuta mnyama amekufa shambani usimchinje. Piga ripoti. Zaidi ya sheria kuna kimeta, ambacho mwaka 2015 kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Nyama isiyopimwa inaweza kuua nyumba nzima.

Sheria hiyo hiyo imetaja leseni za kufuga wanyama wa porini na kuvuna. Kufuga kwa leseni ya KWS, kama mbuni au kanga, kunawezekana, lakini msikimbie. Mnakumbuka kware wa 2013 na 2014? Yai moja liliuzwa bei ya ajabu, vikundi vikakopa, kisha soko likaanguka na watu wakabaki na vizimba.

Kitu ambacho vikundi vingi havitumii vya kutosha ni fidia. Sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo cha mtu, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo hulipwa kwa bei ya soko. Madai hupitia kamati ya wanyamapori ya kaunti. Ni kweli malipo huchelewa, wengine wamengoja miaka, na tunajua watu waliozungushwa mpaka wakakata tamaa. Lakini dai ambalo halikuandikwa haliwezi hata kuchelewa.

Kuna masharti mawili yanayowaangusha wengi. Sheria ina orodha ya wanyama wanaolipiwa, na si kila mnyama yumo. Ulizeni ofisi ya KWS iliyo karibu kabla ya kujaza fomu. Tena, mwenye shamba ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mazao yake anaweza kunyimwa. Kwa hivyo ua wa miiba, mtaro, au zamu za kulinda ziandikwe, na kama kuna simu yenye kamera, zipigwe picha kabla ya hasara, si baada.

Tunapendekeza kila kikundi kiwe na daftari moja la wanyama, mbali na lile la akiba. Mwandishi aandike tarehe, saa, shamba la nani, mnyama gani, wangapi walioonekana na sio waliokisiwa, wametoka upande gani, wamekula nini na kwa kipimo gani. Siku hiyo hiyo apewe taarifa chifu na KWS, na ofisa wa kilimo aje apime kabla shamba halijalimwa upya. Kama ni mtu ameumizwa, nendeni hospitali na polisi mkachukue nambari ya OB. Nakala zibaki kwa kikundi, maana faili za ofisini zina miguu.

Daftari hilo lina kazi ya pili. Likijaa miaka miwili au mitatu, litaonyesha wanyama wanakuja miezi gani na kwa njia gani. Pengine mtagundua kwamba kupanda mbaazi mita mia mbili kutoka mtoni ndiyo mwaliko wenyewe, na ufuta au pilipili ungefaa upande ule. Na siku ambayo serikali itafungua tena mjadala wa kuvuna, nyinyi mtakuwa na hesabu. Waliokuwa na hesabu katika miaka ya 1990 walikuwa wenye ranchi, na ndio waliosikilizwa.

Ya kujadili kikundini

Mkimaliza maharagwe, ulizaneni: kwetu wanyama wameongezeka, au nafasi yao imepungua? Nani anakumbuka njia zao za zamani, na leo zina nini juu yake? Kama kijiji kingepewa ruhusa ya kuvuna swala kumi kwa mwaka, nani angehesabu, nani angelinda ili wasiwe ishirini, na yule aliyepoteza shamba angepata nini kabla ya kamati kugawana? Kina mama waanze kujibu hilo la mwisho, kisha wazee.